Namba ya Marehemu

Kibaigwa, saa nane usiku. Malori yamelala
chini ya maturubai, vumbi limetulia kidogo,
nami nimekaa ofisi ya mizani, sweta mabegani,
nayatafuta magunia arobaini ya alizeti
yaliyopata stakabadhi bila kupimwa.

Ndani ya kompyuta hii zinaishi programu mbili:
moja inasoma mizani, moja inaandika stakabadhi.
Kati yao kuna tundu, soketi ya humuhumu ndani,
haipiti kwenye waya, haitoki hata uani,
kama kidirisha cha jiko kinachotazama sebule:
sahani hupita, na neno hupita na sahani.

Aliyeijenga kabla yangu alikuwa mtu wa imani.
Ujumbe ulisema, "Mimi ni mizani, kilo tisini,"
na mwandishi akaandika: kilo tisini.
Hakuuliza. Kwani mtoto akija dukani
akasema, "Nimetumwa na baba," humpi sukari?

Nikabadilisha. Sasa asemaye hajitaji.
Kiini cha mashine, kinachokaa katikati,
ndicho kinachogonga muhuri nyuma ya bahasha:
namba ya mchakato, namba ya mwenyewe, namba ya kundi.
Ukijiita mizani nawe si mizani,
barua inarudi ikiwa bado ina joto la mkono wako.

Mkuu wa mashine tu ndiye anayeruhusiwa kudanganya.
Hilo limo kwenye kanuni; nililisoma mara mbili.
Na nywila ya mkuu, Masaka ameibandika
chini ya meza, kwa plasta ya kidonda.
Nimeibandua. Tutagombana asubuhi.

Lakini magunia arobaini hayakuwa ya Masaka.
Nimefuata kumbukumbu mstari kwa mstari.
Mizani ilikuwa 4127. Ilituma neno, ikafa,
hitilafu ndogo tu, haikulia.
Namba zikaendelea kugawiwa, zikafika ukingoni, zikaanza upya,
na 4127 ikaiangukia programu nyingine,
ya majaribio, inayobuni uzito ili kupima karatasi.
Mwandishi akachungulia: "4127, bado upo?"
Ikaitika. Na kweli ilikuwa 4127.
Muhuri ulikuwa halali. Hakuna aliyesema uongo.

Naijua hali hiyo.
Mimi ni Mbeleje wa pili. Wa kwanza
yuko Mlali, nyuma ya zizi; aliondoka na surua
kabla sijazaliwa. Nikapewa jina lake
na kadi yake ya kliniki, maana kadi mpya zilikuwa zimekwisha.
Nesi akaita, "Mbeleje Chilewa!" Akasoma:
sindano zote tayari, huyu arudi nyumbani.
Mama hakubishana na karatasi.
Alinipandisha mezani, akaikunja shimizi,
akauonyesha mkono wangu wa kulia,
mkono mtupu, hauna kovu,
akasema, "Huyu. Huyu ninayemshika."

Basi sihifadhi tena namba.
Tangu neno la kwanza naomba mpini wa mchakato wenyewe,
naushikilia. Ukifa, habari naipata kiganjani,
na atakayerithi namba nitamwambia karibu,
ila anza upya, jitambulishe.

Saa kumi na moja mama mmoja wa Pandambili
anashusha gunia la kwanza, lumbesa,
limeshonwa kilemba cha kamba juu.
Lungwa analipandisha mizani, anapuliza vidole.
Kilo mia na nne. Karatasi inatoka polepole,
kama inayosoma kwanza.
Yule mama ana kidaftari chake, hutunza kila aliyempimia.
Ananiuliza jina.
Namwambia. Kalamu yake haijafika mwisho,
naongeza: "Wa pili."
Anaandika na hilo.